Kitone cha Kijivu

Siku moja mdogo wangu alikuja karakana, akakalia debe la rangi lililogeuzwa, akaniuliza, "Kaka, neno 'sijui' lina rangi gani?"

Mimi ni mchoraji wa mabango. Nimeandika majina ya maduka, namba za milango, na onyo la "Mbwa Mkali" kwenye nyumba zisizo hata na paka. Nimeulizwa mengi kuhusu rangi, lakini hilo lilikuwa geni. Nikamjibu kwamba mteja asiyejua anachotaka mimi humpa kijivu, maana kijivu hakigombani na mtu.

"Kijivu kipi?"

Nikachota nyeupe, nikatia tone la nyeusi. Kikawa cha baridi mno, kama bati. Nikagusa kahawia kwa ncha ya brashi, nikakoroga, nikapaka kwenye kipande cha ubao. Akakiangalia mbele ya mlango, penye mwanga, akakipiga picha kwa simu.

"Hicho," akasema. "Hicho hakiongopi."

Ubao ule ninao mpaka leo. Ninaandika haya kwa sababu watu wanamkumbuka kama msichana aliyekufa mapema, na mimi sitaki hilo liwe ndilo jambo kubwa alilolifanya.

Tulizaliwa wawili tu, tukapishana miaka kumi na mmoja. Mama alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango, na jina likamkaa hata ofisini. Mimi niliishia kidato cha nne. Yeye alisoma mpaka akachoka kutueleza anasoma nini. Alipoanza kazi kwenye ofisi ya ramani, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nilimwuliza anachofanya humo kutwa. Akasema anaangalia picha zinazopigwa na setilaiti, anazisafisha, anazipanga, anazihoji.

"Picha inahojiwaje?"

"Kama mama anavyokuhoji wewe ukichelewa. Unaiuliza kitu kimoja kwa njia tatu, unaona kama jibu litabadilika."

Programu aliyotumia ilikuwa huria, inayotolewa bure kwa yeyote duniani. Nikamtania kwamba rahisi ni ghali. Akaniambia hii haifanani na kitu cha rahisi, inafanana na kisima cha mtaa: kila mtu anateka, anayejua kusuka kamba anasuka kamba, na ukitaka kujua maji yanatoka wapi unainama unachungulia, hakuna aliyefunika. Na yeye alikuwa anasuka kamba yake. Jioni akitoka kazini alikuwa akitia maneno ya programu ile kwenye Kiswahili, orodha moja baada ya nyingine, kisha anayatuma kwa watu asiowajua wanaoitunza. Maneno mengine alikuja kuyatafuta karakana. Picha ya setilaiti ni vijisehemu vidogo vya mraba vilivyopangwa kama vigae, na alitaka jina la kimoja. Nikamwambia kitone. Nilisema hivyo kwa kuwa ndicho kinachonidondokea kwenye viatu kila siku. Akalichukua.

Picha ya kwanza aliyonionyesha ilinikera. Majani yalikuwa mekundu, maji meusi kama lami.

"Nani kakufundisha kupaka?" nikamwuliza.

"Kuna mwanga macho yetu hayaupati, Kaka. Setilaiti inaupata, na majani yanaurudisha kwa wingi. Basi tunaupa rangi nyekundu ili na sisi tuuone."

"Kwa hiyo mnadanganya."

"Wewe unayeandika 'Mbwa Mkali' kwa asiye hata na paka, ndiye wa kuniambia mimi nadanganya?"

Alinipata.

Nyumba ya mama ni ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, katika mtaa ulioshuka kuelekea mtoni. Mto wetu ni wa mchanga: miezi mingi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti, ukifura unabeba mti mzima na mizizi yake. Mwaka huo, baada ya mvua kula ukingo mpaka kwenye nyua za watu, manispaa walikuja wakapiga alama ya X nyekundu kwenye kuta zote kumi na mbili. Rangi yenyewe ilikuwa mbovu, imechanganywa na maji, inachirizika. Tangazo lilisema nyumba zilizojengwa ndani ya njia ya mto zitabomolewa. Lakini mwenye nyumba akithibitisha kwamba alijenga mahali pakavu na mto ukamfuata baadaye, nyumba itabaki, na manispaa itajenga ukuta wa kuzuia maji. Uthibitisho upelekwe mbele ya kamati.

Majirani walijaa sebuleni kwa mama. Baba Mapacha, fundi baiskeli wa nyumba ya tano, alisema babu yake alikuwa akitembea robo saa kufika mtoni, ila babu mwenyewe ndiye shahidi na hawezi kuitwa. Watu wakacheka bila furaha. Kitinda akasimama karibu na kabati la vyombo.

"Zipo picha," akasema. "Setilaiti zilikuwa zinapita hapa kabla mimi sijazaliwa, na picha za zamani ziko wazi, zinapakuliwa tu. Nyumba hazikuufuata mto. Mto ndio uliozifuata nyumba. Nipeni muda niuchore ukingo mwaka kwa mwaka."

"Rudia hiyo," akasema Baba Mapacha. "Nataka kuichapa kwenye fulana."

Alifanya kazi ile nyumbani kwa mama, kwa kompyuta ya ofisi, Jumamosi na Jumapili. Miezi mitatu ikapita, ikawa mitano. Kila nikimwuliza ananijibu, "Bado kitone kimoja kinanisumbua." Nilidhani ni utani wa kazi yao. Kisha akaugua siku tisa. Siku ya saba alikuwa bado anaulizia tarehe ya kamati. Siku ya tisa hakuulizia kitu.

Sitaandika kuhusu mazishi.

Wiki mbili baadaye ofisi ilitaka kompyuta yao. Walinipigia kwa adabu, wakinipa pole kwanza. Kabla ya kuirudisha nilinunua flashi, nikaifungua kompyuta mezani kwa mama, nikatafuta. Kulikuwa na faili moja kwenye uso wa skrini, jina lake "mto mwisho." Nikalibonyeza mara mbili, ramani ikafunguka mbele yangu na mto wote na rangi zote. Nikafunga, nikalinakili faili lile kwenye flashi. Lilikwenda kwa kufumba na kufumbua. Nikashukuru kwamba kazi ya miezi yote ile imekaa mahali padogo hivyo. Nikairudisha kompyuta, nao wakaisafisha na kumpa mfanyakazi mwingine. Flashi nikaitundika shingoni kwa uzi kama ufunguo wa nyumba.

Kamati ikatangaza tarehe. Nikapanda ngazi za ofisi ile kumwona mwenzake Kitinda, mama wa makamo mwenye miwani mizito ambaye Kitinda alimwita Bi Darubini, mbele yake na nyuma yake. Meza yake ilitazamana na meza ya Kitinda. Kalamu za Kitinda zilikuwa bado kwenye kikombe.

Akachomeka flashi, akafungua faili. Skrini ikawa nyeupe. Pembeni yalijipanga majina ya picha, ishirini na kitu, na kila jina lilikuwa na alama nyekundu ya hitilafu.

Akavua miwani.

"Shemeji," akasema. Alipenda kuniita hivyo ingawa hapakuwa na ushemeji wowote. "Umechukua orodha ya sokoni, ukaacha kikapu."

Akanieleza polepole. Faili lile halibebi picha hata moja. Linabeba majina ya picha, mahali zilipokaa ndani ya kompyuta, na namna ya kuziangalia: zianze na ipi, zipakwe rangi gani, zipitishwe hatua zipi. Nilipolifungua kule nyumbani nilikuwa juu ya kompyuta yenyewe, ndiyo maana ramani ilitokea. Kila mgeni wa kazi hii hukosea hivyo mara moja.

"Mara moja hiyo ndiyo yangu," nikasema.

"Vuta kiti. Picha zenyewe si zake wala si zetu. Ziko kwenye hifadhi, zinamsubiri anayezitaka. Majina haya yana tarehe ndani yake. Tutazipakua upya, moja moja. Kilichopotea kabisa ni alama alizoweka kwa miguu, alipokuwa akizunguka na simu akiwauliza watu. Hizo zilikuwa kwenye kompyuta tu."

Kwa siku sita nilifunga karakana saa nane mchana na kwenda kukaa kando yake. Yeye alifanya kazi za ofisi, mimi nilisoma tarehe kwa sauti, na mtandao ukivuta picha tulikuwa tukisubiri na kunywa maji. Picha ikifika, alama nyekundu mbele ya jina lake inatoweka na kipande cha mto kinatokea, kimekwisha kupakwa rangi za Kitinda. Hilo lilinishangaza kila mara. Picha ilikuwa mpya, imetoka mbali, lakini ilipofika ilivaa macho yake. Bluu ya maji niliijua: ni ile ya duka la madaftari, aliipenda nilipoliandika. Njano ya nchi kavu ilitoka kwenye bango la kinyozi. Menyu za programu zilikuwa kwa Kiswahili mpaka orodha ya tano. Baada ya hapo Kiswahili kinakatika, maneno yanabaki kama alivyoyakuta. Bi Darubini aliona ninapoangalia, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Siku ya sita picha zote zilikuwa zimerudi. Bi Darubini akabonyeza, hatua za Kitinda zikajiendesha zenyewe moja baada ya nyingine, na ramani ikakamilika. Tuliiangalia mwaka baada ya mwaka. Zamani mto ulikuwa mbali upande wa pili, vitone vitano kutoka mtaani, na kila kitone katika picha zile za zamani ni mita thelathini kwa thelathini. Kisha, mwaka mmoja wa mafuriko, ukuta wa mawe uliokuwa kule juu ulibomoka, ukauelekeza mto kwetu. Ukasogea kitone kimoja. Ukapumzika. Ukasogea viwili. Nyumba kumi na moja zilikuwa juu ya njano safi siku zilipojengwa, hakuna ubishi.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya kitone cha kijivu. Kijivu chenye kahawia kidogo. Kwenye ufunguo wa ramani kiliandikwa "Sijui."

"Ndicho hiki," nikasema. "Kitone kilichokuwa kinamsumbua."

"Ndicho. Angalia, kuna mstari hafifu unakuja hapa kutoka juu. Yawezekana ni mkono wa mto uliokufa zamani sana, mkavu lakini ni njia ya mto. Yawezekana ni uwanja mtupu tu. Kitone kimoja kimeshika vyote, nusu hiki nusu kile, hakisemi. Sasa angalia hapa." Akafungua hatua moja. "Kila kitone kina namba inayoonyesha kinavyofanana na njia ya mto, naye akaweka mipaka. Chini ya thelathini na tano ni nchi kavu. Juu ya arobaini na tano ni njia ya mto. Katikati ni sijui. Kitone cha mama kina thelathini na saba."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Thelathini na tano ikifanywa thelathini na nane, nyumba ya mama inakuwa njano.

"Ni namba tu," nikasema.

"Ni namba tu. Lakini hatua zote ziko wazi, Shemeji, yeyote atazirudia na ataiona. Na kabla hujaniomba nisilotaka kukunyima, soma hapa. Kila hatua ina mahali pa maelezo, na watu wengi hawaandiki kitu."

Kitinda aliandika. Yalikuwa maneno machache: *Usisogeze namba hii. Nimemuuliza mama, kasema udongo. Lakini ni mama.*

Tarehe yake ilikuwa ya miezi minane nyuma.

Nilimkuta mama uani anaanua nguo. Nikamsaidia kukunja shuka, maana shuka inataka watu wawili. Tulipokutana katikati, ncha zake mkononi mwangu, nikamwuliza, "Mama, Kitinda aliwahi kukuuliza kuhusu udongo?"

Hakuachia shuka.

"Aliniuliza tulipochimba shimo la choo, mimi na baba yenu, tulitoa nini. Nikamwambia udongo mwekundu."

"Na mlitoa nini?"

"Mchanga. Mweupe, safi, wa mtoni. Baba yenu alifurahi kama kaokota dhahabu, akasema Mungu katuletea mchanga wa plasta mpaka mlangoni. Ukuta huu wote ni mchanga ule." Akaupiga kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyemzoea. "Mtoto aliniangalia, akasema 'haya mama,' akamalizia chai yake. Nikadhani kaniamini."

Nikamwambia kuhusu namba. Nikamwambia pia kwamba Bi Darubini hataki, lakini nikimlilia atakubali, na kwamba pengine hakuna atakayepekua. Nasema ukweli: nilitaka. Nilikuwa nimemzika mmoja, na sikuweza kufikiria mama akitolewa kwenye chumba ambamo mto wa kichwa wa Kitinda ulikuwa bado kitandani.

Mama alichukua shuka akaiweka kwenye beseni.

"Nilimdanganya akiwa hai. Unataka nimdanganye na akiwa chini?"

"Basi tukiache kijivu. Kijivu si uongo. Ndivyo alivyokiacha mwenyewe. Bi Darubini anasema penye shaka kamati huwa inamwachia mwenye nyumba."

"Kiache," akasema mama, akaingia ndani. Nikaona tumekubaliana.

Kamati ilikaa asubuhi katika ukumbi wa manispaa, wajumbe watano nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Upande wa manispaa alisema mhandisi mmoja, kijana nadhifu, mpole, anayejua kazi yake. Mtaa wetu ulijaza viti vya nyuma. Mama alikaa mbele na viatu vyake vya kufunga kamba, avivaavyo akiwa na jambo zito. Bi Darubini alionyesha ramani ukutani, mwaka kwa mwaka, na ukumbi ukauona mto ukitembea. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa akihesabu miaka kwa sauti ya chini, nyumba yake ikibaki kwenye njano.

Mhandisi alisimama.

"Kazi nzuri," akasema, na sidhani alikuwa anakejeli. "Nina swali moja. Hicho cha kijivu ni nini?"

Bi Darubini akaniangalia. Tulikuwa tumepanga nijibu mimi, kama ndugu.

"Hicho hatukijui," nikasema.

"Hamkijui. Mheshimiwa mwenyekiti, hapo ndipo shida yangu. Ramani imetengenezwa na mtu ambaye familia yake inakaa mtaa huohuo. Hayupo kujibu maswali, Mungu amrehemu. Na ramani inapofika kwenye nyumba ya mama yake mwenyewe, ghafla inasema haijui. Kama haijui hapo, tutaiaminije kwenye hizi nyingine kumi na moja? Naomba ushahidi huu wote usipokelewe."

Mwenyekiti, mwanamke mzee mwenye sauti ya ualimu, akaandika kitu. Wajumbe wakanong'onezana. Nilimsikia Baba Mapacha akisema, "Kwisha habari yetu." Safari hii hakuwa anachekesha. Nilichokuwa nacho kichwani ni sentensi moja tu, *lakini ni mama*, nayo sikuweza kuitoa.

Mama akanyanyuka. Hakuomba ruhusa.

"Mwanangu mhandisi," akasema, "ngoja nikusaidie. Hiyo nyumba ya kijivu ni yangu. Binti yangu aliniuliza chini yake kuna nini. Mimi niliyechimba kwa mikono yangu nikamwambia udongo. Angekuwa mtu wa kupendelea, jibu alikuwa nalo: mama kasema. Angeipaka njano akalala. Hakuipaka. Ramani yake ilikataa kunisadiki mimi, mama yake."

Akamgeukia mwenyekiti.

"Na ilifanya vyema, maana nilikuwa nimemwambia uongo. Chini ya nyumba yangu ni mchanga wa mto. Nendeni mkachimbe. Sasa ramani iliyokataa uongo wa mama yake, hizi nyingine kumi na moja itawadanganyia nini?"

Mhandisi aliinamisha kichwa, akatazama karatasi zake, kisha akasema, polepole, kwamba hana swali lingine.

"Mama," mwenyekiti akauliza, "unaelewa ulichokisema kuhusu nyumba yako?"

"Nimekaa juu yake miaka thelathini na mbili. Naelewa."

Siku ya pili walikuja vibarua wawili na mhandisi mwenyewe. Walichimba nyuma ya jiko. Udongo mweusi wa juu, kisha changarawe kidogo, na walipofika usawa wa kiuno koleo likabadilisha sauti. Mchanga mweupe, mbichi. Mama alikuwa amewaletea chai. Mhandisi aliushika mchanga kiganjani, akauchuja kati ya vidole, akamwambia mama, "Pole sana, mama." Mama akamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Uamuzi ukatoka wiki iliyofuata. Nyumba kumi na moja zinabaki na ukuta utajengwa. Ya kumi na mbili inaondoka kabla ya mvua, mwenye nyumba apewe kiwanja upande wa juu.

Mtaa uliniomba nifute zile X. Nilifanya kazi hiyo kwa siku mbili, nyumba kwa nyumba, nikichanganya kila rangi mpaka ilingane na ukuta wake. Kwa Baba Mapacha, nilipomaliza, alikuja kusimama kando yangu na kitambaa chenye grisi.

"Fundi," akasema, "ningekuwa mimi ningesema udongo. Ningesema udongo mpaka kesho."

"Hata mama alisema udongo."

"Ndiyo," akasema. "Lakini aliulizwa mara ya pili."

Hakutania zaidi ya hapo. Siku ya kuhama yeye ndiye aliyefungua milango na madirisha kwa spana zake, bila kuvunja hata fremu, na majirani wakabeba kila mtu chake. Mama alikuja kukaa kwangu, chumba cha nyuma ya karakana, mpaka kiwanja kijengwe. Harufu ya rangi inamkera. Ananiambia kila asubuhi.

Siku hizi setilaiti mpya hupita kila baada ya siku chache, na vitone vyake ni vidogo zaidi, mita kumi kwa kumi. Bi Darubini aliniwekea programu ile kwenye kompyuta kuukuu niliyoipata, akanifundisha kupakua. Mwanzoni mwa mvua nilifungua picha mbili. Katika ya kwanza, mwisho wa mtaa, kuna kitone kimoja kinachong'aa: bati la nyumba ya mama. Katika ya pili hakipo, pana rangi ya ardhi kama jirani zake. Nilizibadilisha hiyo na hii, hiyo na hii, mara nyingi. Halafu nikaacha, kwa sababu jambo hilo halina mwisho.

Nilifungua kazi ya Kitinda. Sikugusa namba yake. Thelathini na tano na arobaini na tano ziko alipoziweka, na kitone kinabaki kijivu, kwa kuwa picha yenyewe bado haijui. Lakini Bi Darubini alinionyesha namna ya kuweka alama ya miguu juu ya ramani, kama zile zilizopotea, kwa kitu kilichoonekana na mtu mahali penyewe. Nikaweka moja hapo. Programu ikataka niandike kilichoonekana. Nikaandika: *Mchanga wa mto, usawa wa kiuno.* Ikataka chanzo cha habari.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika pua kwa ncha ya khanga, anaangalia skrini.

"Umeandika nini hapo?"

"Wanauliza nani kasema."

"Na umesema nani?"

Nikamwonyesha. Hajui miwani yake iko wapi tangu tuhame, akainama mpaka uso ukakaribia kioo, akalisoma neno lile moja, herufi nne: mama.

"Haya," akasema. "Sasa mtoto atapaka mwenyewe anavyotaka."

Akaenda kufungua dirisha.